MREJESHO: Madirisha kwenye chombo cha anga cha hadithi yangu

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kama chombo cha kusafiri kati ya nyota kwenye hadithi yangu kiwe na madirisha, au mabaharia wake watazame nje kwa kamera na skrini tu. Asanteni nyote, hata mliosema dirisha ni kujitafutia kifo.

Nimefuata ushauri wa aliyetaja Cupola, kile chumba kidogo cha kutazamia nje cha Kituo cha Kimataifa cha Anga: madirisha saba, yaliyowekwa 2010, yenye vifuniko vya nje vya kuyakinga. Nikaongeza na kile kisa cha 1983, chembe ya rangi iliyokuwa ikipaa kwa kasi angani ilipochimba kioo cha dirisha la Challenger, chombo cha anga cha Marekani, hadi kikabadilishwa. Chembe ya rangi tu, jamani! Basi chumba cha usukani nimekizamisha katikati ya chombo, hakina dirisha hata moja. Limebaki moja dogo sebuleni, lenye kifuniko kizito. Na hapo ndipo hadithi ilipochangamka: nani ana ruhusa ya kulifungua? Ugomvi huo umenizalia sura mbili ambazo sikuzipanga.

Kilichogoma ni vita. Mapigano yamegeuka kuwa watu wanaosoma namba kwenye skrini, na walionisomea rasimu wamepiga miayo. Ushauri wa kutumia sauti na mitikisiko ya chombo umesaidia kidogo tu, hivyo nimefuta mapigano yote isipokuwa moja.

Aliyependekeza kuba lote la kioo: samahani mkuu, mionzi imenishinda.