Mwenye banda umezima muvi dakika ya 37, umeniaibisha mtaa mzima!!

Wakuu habari za jioni, mods naomba msiunganishe huu uzi na ule wa muvi kali za wikiendi, huu ni wa malalamiko na nina hasira hapa hata ugali umenishinda.

Jumamosi iliyopita nimekodi kibanda umiza kimoja, vile vibanda vya kuoneshea muvi mtaani, huku Mabatini, Mwanza, jina nalihifadhi ila mhusika akisoma atajijua, 15,000 taslimu kuanzia saa nane mpaka saa kumi, niwaoneshe watu wangu muvi ya zombi ya kuchekesha. Wiki nzima nimezunguka natangaza, mafundi wa gereji nikawaambia, madogo wa bodaboda, wale wa dagaa kule Mwaloni, mpaka mama wa mihogo pale kona, kiingilio 300 tu ili angalau hela ya banda irudi. Wakaja kama 40 hivi na kwa muvi ambayo haina hata sura moja wanayoijua mi nikaona hiyo ni nyomi.

Muvi yenyewe ni One Cut of the Dead, ya Japani, 2017, dairekta Shinichiro Ueda. Wanaongea Kijapani na chini kuna maandishi ya Kingereza, kwa hiyo nikashika maiki natafsiri mwenyewe kama wale jamaa wa muvi za kutafsiriwa, naweka na Kisukuma kidogo cha kuchombeza, zombi akitokea nasema mwanangwa (mkubwa wa kijiji) huyo amekuja kudai michango yake, watu wanacheka, mzuka umepanda.

Sasa sikilizeni. Dakika 37 za mwanzo ni shoti moja, kamera haikatwi hata mara moja. Kuna watu wako kwenye kiwanda cha kuchuja maji kilichotelekezwa wanarekodi muvi ya zombi, mara zombi wa kweli hao. Na ni mbovu! Nasema mbovu na nilijua ni mbovu kabla sijailipia banda, ndo inavyotakiwa iwe. Waigizaji wanasimama wanatazamana kama wamesahau maneno, dada wa meikapu katikati ya balaa anaulizwa unapenda kufanya nini muda wako anaanza kuelezea mbinu za kujilinda, mshika maiki wao wa kurekodi sauti anang'ang'ania kutoka nje na nje ndo kuna zombi, damu inarukia lensi mtu anaifuta tunaona, halafu kamera inalala chini inatazama tu upande mmoja wee mpaka unajiuliza aliyeishika amekufa au vipi. Banda zima linazomea. "Oyaa harusi ya mjomba ilirekodiwa vizuri kuliko hii!" Mi kwenye maiki nawaambia wazee zomeeni mpaka mchoke ila kila mnachokizomea kiwekeni kichwani kuna deni litalipwa hapa.

Dakika ya 37 kamera inapanda juu, majina yanaanza kupita. Geresha hiyo wakuu! Muvi ina dakika 96! Hapo ndo inarudi nyuma mwezi mmoja, ndo unawajua hawa watu ni nani na kwa nini kila kitu kiliharibika vile.

Mwenye banda akazima.

Nikamwambia mzee wangu bado, haijaisha hiyo, washa. Anajibu, "Kijana, majina yakipita muvi imeisha, mimi banda hili nina miaka 12." Nikamwambia mzee nakuomba subiri dakika moja tu utaona. "Sasa wewe unanifundisha mimi muvi?" Tayari mkono uko kwenye rimoti anatafuta ya mateke, tena anatangaza, wanaobaki kwa inayofuata 300 nyingine! Nimemkodi mpaka saa kumi na muda huo hata saa tisa haijafika vizuri.

Watu wakanigeukia mimi. Mimi niliyeshika maiki! Tapeli, rudisha hela zetu, umetuletea muvi ya dakika 30 na ushee tena ya kushuti na simu. Nikarudisha 300 moja moja mpaka mfuko ukakauka, na kuna jamaa wawili hata hawakulipa wakati wa kuingia nao wakapanga foleni, nawajua nyie. Mama wa mihogo hakudai, aliondoka tu kimya akitikisa kichwa, na hiyo imeniuma kuliko wote waliotukana.

Na mpaka leo nikipita kijiweni naitwa "Dakika 37". Hahaha chekeni tu.

Wengi hapa najua mtasema ni kosa lako mkuu, ungeleta ya Marekani yenye magari kulipuka. Hapo ndo tunapogombana. Mi hizi muvi za zombi za bajeti ndogo nazipenda KWA SABABU ya bajeti ndogo. Zombi ndo jini la maskini bana. Ukitaka joka linaloruka unahitaji kompyuta za mamilioni, zombi unahitaji shemeji yako, shati bovu, unga wa muhogo usoni na mtu wa kumwambia tembea kama umelewa. Kila mtaa una watu hao tayari bila hata kuwalipa. George Romero mwaka 1968 alitengeneza Night of the Living Dead kwa dola kama 114,000 na damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, picha ni nyeusi na nyeupe nani atajua. Peter Jackson kabla hajawa Peter Jackson wa kubeba Oscar, kule New Zealand alikuwa anashuti wikiendi na washkaji na vinyago vya muvi yake ya Bad Taste anavioka kwenye oveni ya mama yake. Mama anataka kupika chakula oveni ina sura ya jini, hebu fikirieni hiyo nyumba. Na hapo ng'ambo ya ziwa letu hili hili, Wakaliga Kampala, kuna dairekta anaitwa Nabwana anatengeneza muvi za mapigano na watu wa mtaani kwake, si za zombi hizo ila roho ni ile ile, na dunia nzima inamfuata.

Unapoangalia vitu hivi unacheka mara mbili, unacheka stori halafu unamcheka aliyetengeneza, na ukishamcheka sana ghafla unaanza kumshangilia kama timu yako iko nyuma bao mbili. Muvi kubwa siwezi kuishangilia, inishangilie yenyewe, ina hela.

Halafu kuna kitu kingine, huku kwetu stori za misukule tumekua nazo. Bibi alikuwa anatusimulia mtu amekufa amezikwa kumbe yuko shambani kwa mtu usiku analima, analishwa pumba. Na zombi asili yake Haiti ni hivyo hivyo, maiti anafufuliwa akawe mtumwa, hang'ati mtu, hizo za kutafuna watu zimeshika kasi baada ya ile ya Romero. Sasa kanda hii kuna vikongwe wamekatwa mapanga kwa maneno ya uchawi kama haya, hilo mnalijua siongezi. Mi siku nikiona banda zima, wazee kwa vijana, wanamcheka msukule mpaka wanashika mbavu, kuna kitu kifuani kinashuka. Ndo maana nilitoa hela yangu. Sikutaka faida, hesabu ndo hiyo mnaiona, watu 40 mara 300 ni 12,000, hata ya banda haifiki.

Sasa kwa wale mlionitukana, nawamwagia kimoja tu ili mjue mmepoteza nini. Yule mshika maiki aliyekuwa anang'ang'ania kutoka nje mkasema hajui kuigiza, TUMBO LILIKUWA LINAMUENDESHA. Alikunywa maji yasiyomfaa na alishasema mapema hayamfai. Sasa rudieni ile sehemu kichwani na sura yake ile. Ehee. Na kamera kulala chini ina sababu yake, na wale kusimama wakitazamana wana sababu, na ile shoti ya mwisho kamera inapanda juu, mnajua ilipandaje kwa watu wasio na hela? Hiyo siwaambii, hata mkinipigia magoti siwaambii.

Hao watu walitumia yen milioni 3, dola kama 25,000, waigizaji hakuna aliyekuwa anajulikana, wakavuna zaidi ya yen bilioni 3 kwao Japani. Yaani Wajapani walikaa kwenye viti majina yakapita wakasubiri. Mabatini tumeshindwa kwa sababu ya rimoti ya mzee mmoja!!

Mzee kama unasoma au mwanao anakusomea, shikamoo. Sitaki ugomvi. Nataka vitu viwili, 15,000 yangu au unipe Jumamosi nyingine saa nane mpaka saa kumi na rimoti nikae nayo mimi. Cha pili flashi yangu ya GB 16 bado umeichomeka kwenye deki yako, na nimeambiwa na dogo mmoja kwamba juzi usiku umefunga banda ukabaki ndani peke yako, na watu wa nje walikuwa wanasikia unacheka.