Naombeni maoni: tovuti yangu ya zawadi za harusi, niko Mwanza

Kijana wa Igoma: Wakuu, wakubwa shikamooni. Miezi saba sasa natengeneza tovuti. Bibi harusi anaorodhesha anavyohitaji, ndugu na marafiki wanachagua cha kununua, au watu watano wanaungana kwenye friji. Kitu kikishachukuliwa, wengine wanaona. Nataka maoni mapema kabla sijaitangaza. Usingizi sipati.

Sato wa Mwaloni: Ingekuwepo 2017 ningeshukuru! Harusi yangu ilikuwa Mwanza, makazi Sengerema. Tulipewa chupa za chai tisa. Daraja lilikuwa bado, tukasubiri kivuko pale Kigongo na Fuso limejaa, mke wangu kapakata chupa mbili zisipasuke. Kitanda tuliazima.

Mama Nansio: Mwanangu, zawadi haiagizwi. Ukinipangia cha kukupa, huo ni mchango. Halafu wadogo zangu huku Ukerewe wana vitochi, hiyo tovuti wataifungulia wapi?

Mtu wa Mifumo: Mleta uzi, umeshaijaribu kwa watu? Na pesa za hao watano wa friji zinaingia wapi?

Kijana wa Igoma: Ni majaribio tu mkuu. Rangi je, kijani au zambarau?

Mtu wa Mifumo: Hujajibu. Pesa.

Kijana wa Igoma: Zinaingia kwenye laini yangu. Nimejaribu kwa harusi ya binamu yangu wa Buhongwa, Jumamosi hii. Zimeingia 640,000/=. Nimetoa 250,000/= nikamlipa fundi wa tovuti, alisema ataizima. Angeizima, na hizo nyingine zisingeingia. Mwisho wa mwezi narudisha, sijaiba.

Sato wa Mwaloni: Friji la Jumamosi, pesa ya mwisho wa mwezi?

Mzee wa Kirumba: Hii chai. Mwanzo unatengeneza mwenyewe, mara majaribio tu, sasa kuna fundi na deni. Anatafuta wa kumchangia huyu. Msitume hata mia.

Kijana wa Igoma: Sijaomba hela ya mtu, mzee wangu. Niliona aibu kusema. Meseji ya shangazi hii hapa, ya jana saa 2 usiku: "Mwanangu friji umelipia? Bibi yako kauza mbuzi kwa ajili ya hilo."

Mtu wa Mifumo: Basi achana na rangi. Tovuti ibaki na orodha, pesa iende moja kwa moja kwa mhazini wa kamati. Kuendesha mfumo wa malipo kunataka leseni ya Benki Kuu, soma Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Na wenye vitochi wapate namba ya kupiga, uwajazie wewe. Wazo lako ni zuri, ndiyo maana nakukazia.

Mama Nansio: Mwambie shangazi leo. Usingoje Ijumaa.

Kijana wa Igoma: Nimempigia. Hakufoka. Kasema niende kesho asubuhi na daftari la michango, na niende na baba.