Naomba ushauri: mtumbwi katikati ya picha, niuache au nikate?

Jambo wapendwa, wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri wenu.

Napiga picha hapa Bukavu, hasa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanapoingia Ziwa Kivu jioni. Mnaijua mitumbwi yao: mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma kama ndevu za kambale. Mimi huiweka katikati kabisa, maji matupu pande zote. Ndivyo ninavyopenda, nikiitazama hivyo naona ukubwa wa ziwa na upweke wa kazi ile.

Sasa nachagua picha za kuonyesha wateja. Mkubwa mmoja wa kazi hii, ninayemheshimu sana, ameniambia zote zimekaa vibaya: nifuate kanuni ya theluthi, yaani nigawe fremu kwa mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo, mtumbwi ukae pale inapokutana. Kanuni yenyewe ni ya zamani, John Thomas Smith wa Uingereza aliiandika 1797 akizungumzia michoro ya mandhari.

Nimejaribu. Nimewasha gridi kwenye kamera, mtumbwi nikauweka kushoto ukielekea kulia. Picha inapendeza, sikatai, lakini macho yanakimbilia milima na mvuvi anasahaulika. Nikikata kingo za picha zile za zamani ili mtumbwi utoke katikati, ncha za miti zinaliwa.

Kwa picha ya namna hii, katikati inakubalika, au mteja ataona sijui kazi? Na ninyi mnatofautishaje kitu mnachokipenda kweli na mazoea tu ya jicho?

Aksanti sana.