Istanbul tunalipia kutembezwa, tunaishia kufungiwa kwenye maduka ya ngozi na mazulia. Hii tabia ikome

Wakuu salamu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzipunguza. Nimerudi kutoka Uturuki nilikokwenda na bi mkubwa wangu, yaani mama yangu, na kitu kilichonikaa kooni ni hizi safari za siku moja wanazowauzia wageni pale Istanbul. Sisemi mji ni mbaya, mji ni mzuri sana na ndo maana naumia. Nasema kuna makampuni yanachukua hela yako kwa ahadi ya kukuonyesha mji, halafu ile siku yako wanaiuza tena kwa wenye maduka. Wewe umelipa, mwenye duka naye analipa kamisheni kwa kila anachonunua mgeni, na katikati hapo muda wako ndo unaoliwa.

Nianze na Topkapi maana hapo ndipo damu ilinichemka.

Bi mkubwa hakuwa na habari na boti wala na kupiga picha. Alitaka Topkapi. Kwa wasiopajua, lile ni kasri la masultani wa Ottoman, Sultan Mehmed wa Pili alianza kulijenga miaka michache tu baada ya kuuteka mji mwaka 1453, wakatawala kutokea humo karne na karne mpaka walipohamia kasri la Dolmabahçe mwaka 1856, na tangu 1924 ni makumbusho. Ndani kuna vyumba vya masalia matukufu, kuna joho la Mtume, kuna panga za maswahaba, kuna fimbo inayosemwa ni ya Nabii Musa, na kuna msomaji anayekaa pale anasoma Qurani, hawaachi. Mama alishasimuliwa na wenzake waliofika, akawa anaulizia hilo tu tangu tunapanga safari.

Nikabuku kwenye meza ya kampuni iliyopo palepale hotelini. Karatasi ya ratiba imeandikwa Hagia Sophia, Msikiti wa Bluu, Topkapi, Soko Kuu. Siku, Jumanne. Nikamuuliza yule kijana wa mezani kwa mdomo wangu, Topkapi tunaingia ndani? Akanijibu ndiyo kaka, kila kitu kimo humo, msiwe na wasiwasi.

Sasa sikilizeni. Topkapi inafungwa kila Jumanne. Siyo dharura, siyo ukarabati, siyo sikukuu, ni ratiba yao ya siku zote na kila mtu anayefanya utalii Istanbul anaijua kama anavyojua jina lake. Yule kijana alijua. Mwongozaji alijua. Aliyechapa ile karatasi alijua. Wakapokea hela ya mama yangu wakijua kabisa hatavuka lile geti.

Tulivyofika pale nje mwongozaji akasimama, akatoa maneno mawili matatu kuhusu masultani, halafu ndo anatamka kwamba leo pamefungwa ila "tumeshapaona kwa nje". Kwa nje! Ukuta na geti! Mama akaniuliza sasa tunaingia saa ngapi mwanangu, maana hakuwa amemwelewa, na mimi ndo ikabidi nimwambie. Wakuu, mtu mzima alinyamaza, akaniambia basi tu, riziki haikuwepo. Mimi sikubali kwamba ilikuwa riziki. Kuna mtu alikaa akaipanga hiyo.

Na mpango wenyewe ukaonekana hapohapo, maana muda wa Topkapi ulikuwa na pa kwenda. Tukapakiwa kwenye basi tukaambiwa kuna "kiwanda" cha ngozi tunakwenda kukitembelea, bure kabisa. Hakuna kiwanda pale. Kuna ukumbi, wanakukalisha kwenye viti, muziki unafunguliwa, wanapita vijana na mabinti wamevaa majaketi, wakimaliza mlango wa pembeni unafunguliwa mnajikuta kwenye duka kubwa na kila mgeni ana muuzaji wake anayemwandama bega kwa bega. Bei anayotaja kwanza ukiikataa inashuka nusu, ukikataa tena inashuka tena, sasa hapo ujue ile ya kwanza ilikuwa ya nini. Nikamwambia mwongozaji mama amechoka turudi kwenye basi, akanambia dereva ameenda kuweka mafuta. Tumekaa mle zaidi ya saa nzima tukisubiri mafuta.

Tukitoka hapo, mazulia. Mnakaribishwa chai, mnaonyeshwa binti anafuma mafundo mawili matatu, halafu wanaanza kuyatandaza mbele yenu moja juu ya jingine, hili la hariri la Hereke, hili la sufu, hili lina miaka kadhaa mikononi mwa mfumaji, na mlango umefungwa. Sina ugomvi na mafundi, ufumaji wa Uturuki ni kazi ya heshima na ningeenda kuangalia mwenyewe kwa hiari yangu siku nyingine. Ila sikulipia hilo. Hayo maduka mawili hayakuwepo kwenye ratiba, hata kwa herufi ndogo.

Msikiti wa Bluu tukaupata wakati wa swala, watalii wanasubiri nje mpaka iishe, na mwongozaji hakutaka kusubiri kwa sababu "ratiba inabana". Inabana vipi wakati kwenye ngozi tulikaa tukahesabu mabati ya dari? Ule msikiti kuingia ni bure, una minara sita, umekamilika 1616, na ndani vile vigae vya Iznik vya bluu ndo watu wanavifuata kutoka mbali. Sisi tukapewa muda mrefu wa kusimama kwenye uwanja wa mbele yake, ule uliokuwa Hippodrome, uwanja wa kale wa mbio za farasi, tunaelezwa habari za ule mnara wa jiwe uliotolewa Misri, wa Farao Thutmose wa Tatu, Mfalme Theodosius akausimamisha pale mwaka 390. Mnara mzuri na habari yake nzuri, lakini uko barabarani, haufungwi, haulipiwi, mtu yeyote anapita anautazama. Nikaanza kuelewa kwamba siku nzima imepangwa kwenye vitu visivyo na tiketi.

Hagia Sophia, lile kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti, ikathibitisha. Tangu Januari 2024 mgeni anayeingia kutembelea analipa euro 25, anapandishwa roshani ya juu kwa mlango wake, huku chini pameachwa kwa wanaosali. Sawa, ni utaratibu wao, siupingi. Lakini kampuni iliandika "Hagia Sophia" kwenye pakeji na ikapokea hela, kisha mlangoni mnaambiwa anayetaka kuingia anunue tiketi mwenyewe, foleni ile pale, mna dakika chache tu. Nilinunua za kwetu wawili kwa hasira, tukapanda na mama na magoti yake kwenye ile njia ndefu ya mteremko wa mawe. Na hapa niseme ukweli, nilipoinua macho nikaona lile kuba, jengo la Mfalme Justinian lililokamilika mwaka 537, karibu miaka 1,500, liko hewani utadhani halina linapoegemea, nilisahau hasira zote. Mama alishika ukuta akawa anatazama tu yale maandishi makubwa ya mviringo. Halafu simu ikaita, mwongozaji, basi linaondoka. Yaani mahali pekee siku ile palipostahili saa mbili ndipo tulipohesabiwa dakika.

Soko Kuu sina haja ya kulieleza, tulishushwa jioni watu wakiwa hoi. Angalau haikuwa Jumapili, maana Jumapili nalo linafungwa na nimekutana na familia iliyouziwa ziara ya soko hilohilo siku ya Jumapili.

Mtasema ungeacha hapo. Tatizo safari ya Bursa tulikuwa tumeshailipia pamoja, ndo ofa ilivyokuwa, na wakagoma kurudisha.

Bursa ni mji mkuu wa kwanza wa Waottoman, uko ng'ambo ya Bahari ya Marmara, mnapita juu ya daraja la Osmangazi lililofunguliwa 2016. Njia si fupi, kwenda na kurudi ni saa nyingi za kukaa. Sasa ukichukua siku ambayo tayari robo yake inaishia barabarani, ukaweka humo kituo cha pipi za lokum, ukaweka duka la zeituni na sabuni, ukaweka ngozi tena (ndiyo, ngozi tena, ukumbi mwingine, muziki uleule), niambieni Bursa inabaki wapi? Pale Ulu Cami, msikiti wa Sultan Bayezid wa Kwanza uliojengwa miaka ya 1396 hadi 1399, wenye makuba 20 na chemchemi ya kutawadhia katikati kabisa ya msikiti, mwanga unaishukia kutoka juu, tulipewa muda wa kuvua viatu na kuvaa viatu. Mama aliwahi rakaa mbili kwa kukimbizana. Kaburi la Kijani la Sultan Mehmed wa Kwanza tumeliona kioo cha basi.

Halafu yale magari ya kamba ya kupanda mlima Uludağ. Kwenye tangazo picha kubwa ndo hiyo, watu wanacheka juu ya misitu. Njia yake inakaribia kilomita 9, ni kati ya ndefu zaidi duniani za aina hiyo, hata mimi ndo kilichonivuta. Kufika kituoni, tiketi haimo kwenye bei. Asiyelipa akae mgahawani asubiri, na mgahawa ni wa jamaa yao. Mgeni afanye nini, yuko mbali na hoteli, njia hajui? Analipa. Na wao wanajua atalipa.

Boti ya Bosphorus, ule mkono wa bahari unaoukata mji, nayo msiniulize, tuliambiwa tunafika hadi karibu na Bahari Nyeusi, boti ikageuza hata ngome ya Rumeli Hisarı hatujaifikia, ile aliyoijenga Mehmed wa Pili mwaka 1452 kujiandaa kuuteka mji. Baadaye mhudumu wa mapokezi, si yule wa meza ya ziara, akaniambia taratibu kwamba pale kwenye gati la Eminönü kuna feri za umma za Şehir Hatları, zina safari ndefu inayokwenda mpaka Anadolu Kavağı, kijiji cha karibu kabisa na mdomo wa Bahari Nyeusi, inakuacha unatembea pale saa kadhaa halafu inakurudisha, kwa bei ndogo kuliko ile boti ya muziki. Tukaipanda. Hakuna aliyetuuzia kitu. Mama alikaa dirishani njia nzima, tumepita chini ya madaraja mawili, la 1973 na la 1988, lile la 2016 tukaliona kwa mbali kule mwisho, na ngome tumeiona kwa raha zetu. Hiyo ndo siku yetu ya Istanbul, na hakuna kampuni iliyoipanga.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni majibu ya watu ukilalamika. "Ndo utalii ulivyo." "Ziara ikiwa ya bei rahisi ujue kuna maduka." Hapana. Kama bei ni ndogo kwa sababu ya maduka, andikeni: bei hii ina maduka matatu, mtakaa humo muda fulani. Mgeni atachagua. Wapo wanaopenda kununua jaketi, waende kwa raha zao. Kuficha ndo wizi wenyewe. Na kuuza mahali siku ambayo pamefungwa huwezi kukuita "utalii ulivyo" mbele yangu.

Na sheria zipo, siyo kwamba nchi haina utaratibu. Wakala wa safari Uturuki analazimika kuwa na leseni na kuwa mwanachama wa TÜRSAB, chama cha mawakala wa safari kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, kila mmoja ana namba yake. Mwongozaji naye lazima awe na leseni, kuna sheria yao ya mwaka 2012, na anatakiwa avae kitambulisho shingoni. Wa kwetu siku ya Bursa hakuvaa chochote, nilipomuuliza akasema yeye ni "msaidizi" tu. Polisi wa utalii wana ofisi palepale Sultanahmet, mtaa wenye Hagia Sophia na Msikiti wa Bluu, jirani na birika la kale la maji la chini ya ardhi la Yerebatan. Kwa hiyo anayekwenda: kabla hujatoa hata senti, taka namba ya leseni ya wakala iandikwe kwenye risiti, taka waandike ni wapi mnaingia ndani kwa tiketi na ni wapi mnapita nje, na taka majina ya maduka. Topkapi siyo Jumanne. Dolmabahçe siyo Jumatatu. Soko Kuu siyo Jumapili. Hagia Sophia Ijumaa mchana watalii hawaingii mpaka swala ya Ijumaa ipite. Akikataa kuandika, ondoka hapo mezani, vivutio vya Sultanahmet vyote viko umbali wa kutembea kwa mguu na tramu inapita.

Nimewaandikia kampuni, ratiba yao nimeipiga picha na risiti ninayo. Wamejibu kwamba wako tayari kunipa punguzo kwenye ziara ijayo. Sitaki punguzo. Nimewajibu nataka hela yote ya Jumanne na nusu ya Bursa irudi, na malalamiko yenye namba yao ya leseni nimeshayatuma TÜRSAB na nakala kwa uongozi wa hoteli, maana na wao wanakodisha ile meza na wanajua nini kinauzwa pale. Kama kuna mwingine humu aliuziwa Topkapi ya Jumanne aje hapa, aweke tarehe na picha ya risiti yake afiche jina, tuyapeleke kwa pamoja.