MREJESHO: Viatu vya kuvaa na kilti harusini Edinburgh

Wakuu, narudi kwenye swali langu la viatu vya kuvaa na kilti (ile sketi ya kitamaduni ya wanaume wa Uskoti) kwenye harusi Uskoti. Asanteni sana wote mliojibu.

Nilifuata ushauri wa wengi: gili nyeusi za ngozi, vile viatu visivyo na ulimi vyenye kamba ndefu. Aliyesema viatu vyeusi vya ofisini navyo vinakubalika yuko sahihi, wageni kadhaa walivivaa na hakuna aliyeshangaa.

Kwenye kufunga, maelekezo yenu yalikuwa sawa kabisa: kaza kamba, zisokote mbele mara 3 au 4, zipeleke nyuma juu kidogo ya kifundo cha mguu, zipishanishe, zirudishe mbele ndipo ufunge. Usizipandishe hadi kwenye shavu la mguu kama inavyoonekana kwenye baadhi ya picha, zitaporomoka tu. Na kwa kuwa hakuna ulimi, soksi nyembamba ni mateso, kamba inakukata juu ya wayo. Vaa soksi nene za sufu, ukunjo wa juu wa soksi ukae upana wa vidole 3 chini ya goti.

Kilichogoma ni dansi. Kamba za duara zinateleza, fundo la kawaida likaachia mapema. Fundo mara mbili lilisaidia, ila bado ilibidi kukaza tena. Bora kamba bapa za pamba. Soli ya ngozi kuikwaruza kwa msasa kulipunguza utelezi kidogo tu kwenye sakafu ya mbao. Mpe fundi abandike nusu soli ya raba kabla ya safari.