Mtoto wa miezi 9, korodani moja haijashuka: sindano za homoni au upasuaji?

BabaKijana_Moro:
Wakuu, salaam. Kijana wangu ana miezi 9, alizaliwa kwa wakati wake. Tangu azaliwe korodani ya kulia haionekani mfukoni, ya kushoto ipo. Kliniki walisema itashuka yenyewe. Sasa zahanati moja ya binafsi wanataka kumchoma sindano za homoni, hCG, eti zitaishusha na ukubwani hatasumbuka kupata watoto. Bibi yake hataki kusikia habari za kisu. Mliopitia haya, nisaidieni.

Mzee wa Kihonda:
Mwache dogo akue. Ya mwanangu ilikuwa inapanda na kushuka, leo yuko sekondari na zote zipo.

Ganzi Nusu:
Mzee, ya mwanao ni nyingine kabisa. Ile hupanda kwa baridi na kushuka mtoto akikaa kwenye maji ya vuguvugu. Haipasuliwi, inafuatiliwa tu. Ya mleta uzi haijawahi kuonekana.

Mkuu, kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa tatu hivi, mwili wa mtoto wa kiume humwaga homoni kwa wingi, kama balehe ndogo: LH na FSH za kuziamsha korodani, na testosteroni, homoni ya kiume. Korodani nyingi zilizochelewa hushuka kipindi hicho. Pia ndipo chembe changa za mbegu huanza kugeuka kuwa zile zitakazozalisha mbegu akishakuwa mtu mzima. Miezi 6 ikipita, uwezekano wa kushuka yenyewe ni mdogo mno. Huko juu, tumboni au kinenani ilikokwama, kuna joto linalozidi la mfukoni kwa nyuzi 2 hadi 4, na chembe zinazidi kupungua. Ndiyo maana wanasema apasuliwe kati ya miezi 6 na 12, isivuke 18.

hCG inaiga kazi ya LH. Hushusha kwa takriban mtoto 1 kati ya 5, na nyingine hupanda tena. Mwongozo wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani wa 2014 unasema isitumike kwa kazi hiyo. Hao wa zahanati wanakuuzia sindano tu.

Mama Wawili:
Mbona nimesoma kuwa Uswisi wanatoa homoni baada ya upasuaji ili kulinda uzazi?

Ganzi Nusu:
Kweli dada, ni kazi ya Hadziselimovic, daktari mtafiti wa huko, na dawa yenyewe ni buserelin, homoni ya kutengenezwa. Baadhi ya waliotibiwa walikuja kuwa na mbegu nyingi zaidi. Ila wataalamu bado wanabishana, na hata wanaoikubali huifikiria zaidi pale zote mbili zilipogoma. Tena ni baada ya kisu, si badala yake.

Mama Wawili:
Wangu alipasuliwa hospitali ya rufaa, jioni tukarudi naye nyumbani. Kazi ilikuwa kumzuia asirukeruke!

BabaKijana_Moro:
Asanteni. Na kuzaa je? Halafu wameniambia nianze na utrasaundi.

Ganzi Nusu:
Ikiwa ni moja tu, wengi wanakuja kuwa baba karibu sawa na wenzao. Zikiwa mbili ndiyo shida kubwa. Akifika balehe afundishwe kujipapasa korodani kutafuta uvimbe, maana hatari ya saratani ya korodani huwa juu kidogo, ingawa upasuaji wa mapema huipunguza. Utrasaundi achana nayo, mkono wa daktari bingwa wa upasuaji wa watoto unatosha. Chukua rufaa wiki hii, foleni zenyewe unazijua.

BabaKijana_Moro:
Jumatatu naifuata. Bibi nitamwambia tukishapata tarehe.