Nusu marathoni baada ya saratani: ni ujasiri au ni kuukimbia ugonjwa?

Mkimbiaji Mpya aliuliza:

Habari zenu ndugu. Mwaka jana nilimaliza tibakemikali ya limfoma, yaani saratani ya mitoki, na tangu hapo vipimo vyangu vyote vimetoka vizuri. Kabla ya kuugua sikuwa mtu wa michezo hata kidogo, lakini sasa nimejiandikisha kukimbia nusu marathoni, na uamuzi huo umezua mjadala mkali nyumbani, kwa kuwa ndugu zangu wanaona ninauchokoza mwili ulioponea chupuchupu. Mimi siogopi sana kuanguka njiani. Ninachoogopa ni kuendelea kuishi kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Waliopitia hali hii walipata nini hasa katika michezo? Na nitajuaje kama ninatafuta ujasiri kweli, au ninaukimbia ugonjwa ambao moyo wangu haujaukubali?

Mama Subira alijibu:

Pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa kumaliza matibabu. Mimi niliugua saratani ya matiti, na baada ya upasuaji kila aliyenitembelea alinionya nisiutumikishe mkono wa upande ule, eti utavimba. Onyo hilo lilikuwa limezoeleka hata kwa matabibu, mpaka mwaka 1996 huko Vancouver, Kanada, daktari wa tiba ya michezo Don McKenzie alipowafundisha wanawake 24 waliotibiwa saratani ya matiti kupiga kasia katika mashua ndefu za mashindano zenye asili ya China. Msimu ulipokwisha, hapakuwa na hata mmoja aliyepata uvimbe mpya wa mkono, na leo timu za namna hiyo zipo katika nchi nyingi.

Nilijiunga na mojawapo. Ndani ya mashua unatazama mgongo wa aliye mbele yako, na kasia lako lazima liingie majini sawia na lake, kwa hiyo hapana nafasi ya kuulizana habari za ugonjwa, jambo ambalo kwangu lilikuwa pumziko kubwa. Ila kilichonibadilisha zaidi ni kalenda. Kwa muda mrefu ilikuwa na tarehe za kliniki tu, zote zikiwa zimepangwa na watu wengine. Siku ya mashindano ndiyo ilikuwa tarehe ya kwanza niliyojipangia mwenyewe.

Mtaalamu wa Viungo alijibu:

Ninafanya kazi ya fiziotherapia, na nawaomba radhi wenye shauku, maana wasiwasi wa ndugu zako hauko mbali sana na ukweli. Baadhi ya dawa za limfoma, hasa doksorubisini, zinaweza kudhoofisha moyo hata miaka kadhaa baada ya matibabu. Kabla hujaongeza umbali, mwombe daktari wako akueleze ulipewa dawa gani na kama unahitaji kipimo cha moyo kiitwacho eko. Vinkristini, dawa nyingine ya limfoma, nayo inaweza kuacha ganzi miguuni, na mwenye ganzi anaweza kukimbia na malengelenge yaliyopasuka bila kuhisi chochote, kwa hiyo vua soksi na ukague nyayo kila unaporudi. Anza kwa kutembea kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza bila pumzi kukatika. Uchovu unaobaki baada ya tiba mara nyingi hupungua kwa mazoezi ya wastani, lakini maumivu ya kifua, kizunguzungu au homa si uchovu: simama, umwone daktari.

Mpita Njia alijibu:

Naongezea jambo moja kuhusu ujasiri, kwa sababu neno hili hutumiwa vibaya. Mholanzi Maarten van der Weijden aligunduliwa kuwa na saratani ya damu mwaka 2001, kisha akashinda dhahabu ya kuogelea kilomita 10 katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Watu walitaka kumsifu kwamba alipona kwa sababu alipambana, naye akakataa, akisema alilala kitandani na kuwaachia madaktari kazi yao. Naona alikuwa na haki kukataa, kwani sifa hiyo inawageuza waliofariki kuwa watu wasiojitahidi. Terry Fox wa Kanada alikimbia zaidi ya kilomita 5,000 mwaka 1980 kwa mguu mmoja wa bandia, akasimama tu saratani ilipofika mapafuni, na mwaka uliofuata akafariki akiwa na umri wa miaka 22. Nani atasema alipungukiwa ujasiri? Kwa hiyo kimbia, lakini mbio zisiwe kipimo cha kupona kwako. Ukishindwa kufika mwisho, utakuwa umeshindwa mbio tu.

Mkimbiaji Mpya aliandika:

Nawashukuru nyote. Ganzi ya vidole bado ninayo, na sikuwahi kumtajia daktari kwa kudhani ni jambo dogo. Nitamwona kabla ya kuongeza umbali, na nitaandamana na dada yangu, ambaye ndiye mpinzani mkubwa, ili asikie mwenyewe. Daktari akishauri, nitahamia mbio za kilomita 10 za siku hiyohiyo. Mama Subira, naomba unieleze ulivyowaambia wa nyumbani kwako.